Swali la Saba

Eleza tofauti, lasema karatasi,
kati ya kubadili na kuongeza,
klorini inapokutana na gesi za mafuta.
Alama sita. Mistari minne imeachwa wazi,
kana kwamba Estarreja nzima yaweza kujilaza humo.

Mwalimu Quintela anapita kati ya madawati, viatu vinamlilia.
Nina miaka arobaini na mmoja. Darasa la usiku.
Dirishani kiwanda kinapumua mvuke,
na mtu wa zamu asiye baba yangu
anasoma mita zilizokuwa za baba yangu.

Naandika: Methani imejaa.
Kaboni yake ina mikono minne,
na kila mkono umeshika haidrojeni.
Gizani klorini hubisha hodi bure.
Washa taa ya kutosha: inapasuka nusu kwa nusu,
na nusu moja, kwa njaa yake,
inamng'oa mmoja aliyekuwapo.
Nafasi yake haikai wazi hata kope ipepese.
Idadi ni ile ile. Ukihesabu, hutajua aliyetoka.
Ila aliyetoka hakuenda hivi hivi:
ametoka akiwa asidi.

Hapa kalamu ilisita.
Baba, Belmiro, alitolewa mwezi wa tatu.
Akaletwa kijana wa Aveiro, na skrini tatu.
Kiti cha zamu hakikupoa.
Nyumbani kijiko kikianguka, baba anachoma hadi sakafu.

Naandika: Etheni ni kitu kingine.
Kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili miwili.
Klorini ikija, hakuna anayefukuzwa;
zinaachiana mkono mmoja,
kila moja inampokea mgeni wake.
Ndiyo kuongeza. Hata giza halizuii.

(Mama aliwapokea mapacha wa marehemu dada yake,
Ivo na Nelia, na mkoba mmoja wa nguo.
Hakuna aliyehama. Tulisogeza viti tu.
Lakini tangu jioni ile
sikumwona mama na baba wameshikana mikono yote miwili.
Hilo halina alama.)

Mistari imekwisha. Naingia pambizoni.

Kwamba mama, Deolinda, husafisha bwawa la manispaa,
na watu huingia wakikunja pua: klorini hiyo!
Naye huwajibu, bila kusoma popote,
bwawa safi halinuki.
Kinachonuka ni klorini iliyokutana na jasho lenu
na mikojo ya watoto wenu, ikazaa jina jingine.
Kwamba siku moja, kwa haraka ya kufunga,
alimwaga jiki na asidi ya vigae katika ndoo moja.
Jiki ni klorini iliyotiwa adabu;
asidi iliikumbusha ilikotoka.
Ikainuka, kijani cha limau bovu, ikatambaa chini
kama mtu anayetafuta ufunguo.
Mama alitoka kwa magoti.
Mpaka leo hacheki kicheko kizima, hukikata kwa kikohozi.

Na kwamba babu alikwangua chumvi
kwenye mabwawa ya Aveiro miaka thelathini,
klorini magotini, klorini kwenye nyusi, klorini ulimini,
asidhurike zaidi ya kupasuka visigino.
Ilikuwa imeshiba, hiyo. Ilikuwa na mwenzake.
Ni umeme wa kiwanda uliowatenganisha,
mita zile alizosoma baba.

Basi ni ipi tofauti, Mwalimu?
Jina ni moja, namba yake kwenye chati ni moja.
Sioni ila hili: imekutana na nani,
na taa ilikuwa imewashwa, au la.

"Muda," akasema Quintela, akaivuta karatasi,
akaigeuza kutafuta jibu limeishia wapi.

Nilimkuta baba hajalala.
Alikuwa na viazi baridi mbele yake,
anavinyunyizia chumvi, bila kuonja,
kisha akanisogezea sahani.